Boneti Ndefu, Boneti Fupi

Gari lao la zamani lilikufa Jumanne, chesisi, ule uti wake wa chuma, imekatika vipande viwili kama muhogo mkavu, na hadi Jumamosi ilipofika Nedra alikuwa hajapata usingizi wa maana. Si kwamba alililia gari. Gari ni chuma, na badala ya chuma hupatikana chuma kingine. Alililia kazi yake, na ndani ya kazi hiyo, goti lake la kushoto.

Pale mjini kwao, kwenye nchi ile ya miamba myekundu, mtu hapandi miamba kwa gari peke yake. Mmoja hushika usukani, mwenzake hutangulia kwa miguu juu ya mawe, akiyatazama matairi na kumwonyesha dereva kwa mikono: njoo, kushoto kidogo, simama, rudi. Huyo ndiye kiongozi. Kiongozi ni mmoja tu. Wakiwa wawili, gari hulala ubavu. Kwa miaka thelathini na nane Thayne alikuwa dereva na mkewe Nedra alikuwa kiongozi, na Thayne alikuwa na msemo wake, aliousema hata kanisani watu wakacheka, kwamba yeye hajawahi kuona jiwe lolote maishani, anaona mikono ya mke wake tu.

Sasa goti lilikuwa limeanza kumsaliti tangu Desemba. Nedra alikuwa akimeza vidonge vyake ghalani, akirudi anasema alikwenda kuhesabu chupa za mapichi alizosindika. Mumewe aliamini. Chupa zile zilihesabiwa mwaka huo mara nyingi kuliko dhahabu ya mfalme.

Magari ya kununua yaliyokuwa mbele yao yalikuwa mawili, bei zikikaribiana. Moja ni pikapu ya Arvel, mdogo wake Thayne, ndefu, imeinuliwa juu, matairi yanamfika mtu kiunoni. La pili ni gari dogo la LaRue, jirani yao mjane, fupi, halina paa, lenye kioo cha mbele kinacholazwa juu ya boneti. Mume wake marehemu alilitengeneza kwa mikono yake, na miaka ya mwisho, nyonga ilipomsumbua, aling'oa klachi akaweka gia za kujibadilisha zenyewe. Arvel alikuwa akiliita gari la wanaume waliochoka.

Wiki nzima Nedra alipigania pikapu. Alimwambia mumewe pikapu hubeba maji, hubeba viti, hubeba godoro na chungu cha chuma cha kuokea. Kila Agosti walipikia mapichi kwenye chungu kile huko milimani, makaa chini na makaa kwenye kifuniko. Kwenye kile kigari watakiweka wapi?

"Na lile tikiti maji tunalonunua Green River je?" alisema. "Utaniwekea magotini?"

Alipolitaja goti mwenyewe, akajiuma ulimi na kwenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Sababu yake ya kweli ilikuwa ile boneti. Pikapu ikipanda mwamba, kama lile gari lao la zamani, pua yake huelekea mbinguni, na dereva anabaki kuona wingu, kofia ya kiongozi, na mikono miwili. Chini ya kiuno cha kiongozi haoni kitu. Na bila kiongozi, dereva wa pikapu ni kipofu; haendi hatua tatu. Lakini lile gari dogo, mwenye kulikalia huona jiwe kwa macho yake. Anayeona jiwe mwenyewe anamhitaji nani tena? Na akimwona mkewe anavyochechemea, Nedra alijua kitakachofuata, maana alimjua Thayne kama kiganja chake. Hatagomba. Atamletea kiti cha kukunja, atamwekea mto mgongoni, atampa soda baridi, amkalishe chini ya mwamba awe anatazama wenzake. Wema huo ndio aliouogopa.

Thayne naye alikuwa na hesabu zake. Alisema pikapu ni ndefu mno. Matairi ya mbele yameshafika, ya nyuma bado yako kwa jirani, na katikati tumbo limelalia jiwe. Gari dogo hugeuka pale anapogeuka mbuzi. Ila na yeye alikiri kwamba gari fupi likipanda mwinuko mkali hutaka kupinduka kinyumenyume, na njiani hurusha watu kama punda aliyeota mabawa. Hakuamua. Akasema wayapeleke yote mawili kwenye mwamba mmoja, siku moja, mwamba ndio useme.

Wakaenda Ngazi ya Mjane, mwamba wenye vidaraja vinne kama vipandio vya ngazi, kila kimoja kinamfika mtu pajani. LaRue alikuja na kiti chake na mwavuli. Alipofika tu alitangaza kwamba mahali hapo palipewa jina kabla yeye hajazaliwa, asije mtu akaleta maneno.

Arvel alikuwa ameiosha pikapu mpaka inang'aa. Alilizunguka lile gari dogo, akalipiga teke la dharau kwenye tairi.

"Dada LaRue, hili si gari. Ni banda la kuku lililopewa magurudumu."

"Na hilo lako ni kanisa, Ndugu Arvel," akajibu LaRue bila kuinua macho kutoka kwenye ufumaji wake. "Kubwa, zuri, na halijui kupinda."

Walipunguza upepo matairini, kama ilivyo desturi, mpaka yakalegea na kukumbatia jiwe. Pikapu ikatangulia, Thayne usukanini. Nedra alipanda mbele, akageuka akaelekeana nayo, akainua mikono. Kidaraja cha kwanza, cha pili, vizuri. Cha tatu, tumbo likalalia jiwe na matairi ya nyuma yakaanza kuzunguka bure. Arvel kule pembeni akaanza kupaza sauti, kulia, kulia, kata kulia! Thayne hakugeuza hata shingo. Alitazama mikono ya mkewe. Nedra alimrudisha nyuma shubiri moja, akasukuma jiwe bapa chini ya tairi kwa buti, akamkata kushoto, kisha akamwita polepole, vidole vinamvuta kama anavuta uzi. Pikapu ikatoka. Mumewe akatabasamu kutoka kule juu nyuma ya usukani, na Nedra akatabasamu pia, ingawa goti lilikuwa linawaka kama limetiwa pilipili.

Akateremka kwa kujikaza. LaRue akampa chupa ya maji, na kwa sauti ya chini akamuuliza atamwambia mumewe lini.

"Nimwambie nini?"

"Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na sita, Nedra. Usinifanyie hivyo."

Nedra akanywa maji yote kwanza. Akasema atamwambia msimu ukiisha.

"Wangu naye alisema msimu ukiisha," LaRue akasema, akarudi kwenye sindano zake.

Ikaja zamu ya gari dogo. Thayne alipanda, akakifungua kile kioo cha mbele na kukilaza juu ya boneti. Nedra akamwambia asikilaze, vumbi litamwingia machoni. Thayne akasema vumbi la hapa amelila tangu utotoni na halijamdhuru.

Basi akapanda mbele yake. Kidaraja cha kwanza gari lilipita kama linapanda baraza ya nyumba. Nedra akarudi nyuma, hatua, hatua, mguu ukitafuta ukingo wa jiwe bila jicho, maana macho yake yako kwenye matairi. Akainua mguu wa kulia kwenda kidaraja cha pili, uzito wote ukamwangukia wa kushoto, na goti likakunjika. Hakuanguka. Alishika jiwe kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukabaki juu, bado unaita: njoo.

Gari halikuja.

Akaita tena kwa vidole. Injini ikazimwa. Thayne akavuta breki ya mkono, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi kama kawaida yake, kisha akapanda kwa miguu mpaka alipo mkewe.

"Mbona umezima? Nimesema njoo."

"Mama," akasema Thayne, "unatembea kinyumenyume."

"Sasa ulitaka nikupe mgongo? Mikono ungeiona wapi?"

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Thayne akayatazama yale mawe, akazitazama buti za mkewe zilizochubuka visiginoni. Alisema yeye alidhani mkewe anasimama tu. Alidhani anasimama mahali pamoja na mwamba unamletea gari. Kisha akauliza goti limeanza lini.

"Desemba."

"Hii ni Agosti, Nedra."

"Kalenda naijua."

Akakaa naye juu ya jiwe. Alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye suruali yake. Nedra akaona heri amalize mwenyewe. Akamwambia ajue kwamba hataki kiti. Hataki mto, hataki soda, hataki kukaa chini na LaRue kufuma soksi huku yeye akipanda na Arvel.

"Na Arvel?" Thayne akacheka mpaka akakohoa. "Arvel akinionyesha mkono nitaenda kinyume chake makusudi. Mimi bila wewe nitapanda nini? Ngazi ya kwenda darini?"

Nedra hakucheka, ila mabega yalishuka.

Thayne akageuka akalitazama lile gari dogo chini yao, boneti yake fupi, kioo kimelala. Akaita kwa sauti, ili mkewe asikie, akimuuliza LaRue kama ni kweli gari halina klachi.

"Kwani huoni? Miguu miwili umekuja nayo, pedali mbili!" LaRue akajibu. "Wa kushoto unapumzika. Marehemu alijua alichokuwa akifanya."

Thayne akasimama, akamnyooshea mkewe mkono.

"Kaa wewe."

Nedra akamwambia hajawahi. Miaka thelathini na nane hajakalia usukani mwambani hata mara moja. Thayne akasema hakuna jiwe hapo ambalo mkewe halijui. Tofauti ni kwamba leo atakuwa amekaa. Akamshusha, akamsogezea kiti mbele, akamfunga mkanda, akapanda kwenda kusimama pale alipokuwa mkewe.

Alikuwa kiongozi mbaya ajabu. Aliinua mikono yote miwili akaipunga kama mtu aliyevamiwa na nyuki.

"Mkono mmoja, Thayne! Niende wapi, Nevada?"

Akashusha mmoja. Akarudi nyuma hatua mbili, kisigino kikakosa ukingo, akakaa kitako kwenye mwamba, kofia ikaenda zake. Nedra alicheka hata mguu ukamtetemeka kwenye breki. Arvel akaona nafasi, akaanza kupiga kelele za kushoto, kushoto, na Thayne akamjibu akiwa bado amekaa pale chini.

"Nyamaza, Arvel. Kiongozi ni mmoja."

Wakapanda hivyo, yeye anajikwaa, mkewe anamfundisha. Punguza mkono. Usinitazame usoni, tazama tairi. Tairi, Baba, si mimi. Kidaraja cha tatu Nedra aliliona jiwe mwenyewe, wazi, mbele ya ile boneti fupi, na angeweza kulipita bila kuuliza mtu. Akangoja mkono wa mumewe. Mkono ulipokuja, ulikuwa sahihi.

Juu kabisa akasimamisha gari. Thayne akafika anahema, suruali imepasuka nyuma, akaegemea boneti.

"Miguu yangu inaniuliza imekukosea nini."

"Iambie ingoje miaka thelathini na nane, kama yangu," akasema Nedra. Kisha, kwa vile siri ilikuwa imeshapasuka, akaongeza kwamba Jumatatu ataenda kwa daktari, na kwamba chupa za mapichi ni mia moja na nne, amezihesabu vya kutosha.

Chini, Arvel alikuwa anafuta vumbi kwenye pikapu yake, amenuna kidogo. Nedra alimwonea huruma shemeji yake. Akamwita na kumwambia asihuzunike, mwezi huu huu watamhitaji. Chungu cha chuma hakina nafasi kwenye banda la kuku, na viti navyo, na maji.

"Na tikiti?" akauliza Thayne, akipanda kiti cha pembeni ambacho hakuwahi kukikalia.

Nedra akatia gia.

"Tikiti utalipakata wewe."