Modeli ya Zamani

Mzee Huniuzii hakuwahi kununua kitu bila kukitukana kwanza. Jina hilo alipewa na wasomaji wa gazeti, maana safu yake ya kila Ijumaa iliitwa hivyo hivyo, "Huniuzii", na wengi walianza na ukurasa huo kabla hata ya matangazo ya vifo. Kampuni ikitangaza friji linalozungumza, yeye aliandika kwamba la kwake likijifunza kusema, lianze kwa kumtaja anayemaliza nyama usiku. Mswaki wenye intaneti aliuuliza unampelekea nani habari za meno yake. Saa ya kuhesabu hatua aliiambia kwamba miguu yake inajua ilikotoka na haihitaji shahidi. Watu walikata makala zake wakazibandika ofisini, na wenye maduka walimpokea kwa mikono miwili huku wakimwombea mabaya moyoni.

Mtu wa kwanza kucheka utani wake alikuwa mkewe. Enzi hizo mwanamke huyu alikaa kwenye ubao wa simu pale pale gazetini, akiwaunganisha wahariri na wapiga simu, na kwa kuwa kila aliyepiga aliambiwa "Subiri, nakuunganisha", jina lake likawa Bi Subiri. Kijana mwandishi akaanza kupiga simu kutoka chumba cha pili, hana wa kuunganishwa naye, anataka tu kukisikia kile kicheko. Walipendana kwa sauti kabla ya kutazamana vizuri. Masikio ya Bi Subiri yalikuwa makali kiasi cha kumtambua mhariri mkuu kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kugomba.

Ndiyo hayo hayo masikio yaliyokuja kumsaliti. Alianza kuikosa kengele ya mlango, ikafuata miisho ya sentensi, halafu sentensi nzima. Alipomwomba mumewe wakaulizie kifaa cha masikio, mzee hakukataa. Alifanya vibaya zaidi: alikiandikia makala. Aliiita "Wauza Masikio". Alieleza kwamba siku hizi kifaa hicho kinafanya kazi pamoja na simu, ati unaielekeza simu kwenye kelele, iwe feni au jenereta, nayo inaijua kelele hiyo na kuiondoa, ukabaki na maneno matupu. "Chombo kinachoweza kutenganisha kelele na maneno," aliandika, "kingepelekwa kwanza bungeni." Mji mzima ulicheka. Bi Subiri naye alicheka, kwa sababu aliisoma kwa macho, na macho yake yalikuwa mazima. Lakini baada ya makala ile, kifaa kingeingiaje katika nyumba ile?

"Wasomaji wangu watanionaje?" mzee alimpigia kelele, silabi moja moja. "Mke wa Huniuzii, ameuziwa!"

Basi mwanamke akakubali kuwa kiziwi ili mumewe asionekane mjinga. Miaka ikapita hivyo.

Kila Jumapili alasiri walikuja wageni wawili kunywa chai: mfamasia wa duka la kona, na mdogo wake mzee, muuza magodoro, ambaye Bi Subiri alimwita shemeji na kumwekea kikombe kisicho na ufa. Mzee aliujaribu utani wake kwao kabla ya kuupeleka gazetini. Bi Subiri aliketi nao, hasikii neno, anakula nyuso zao kwa macho tu. Na lilikuwepo jambo moja alilolisubiri wiki nzima. Kwenye kikombe cha pili, mumewe aliinua chai yake kumwelekea yeye, akatabasamu, akasema kitu huku kikombe kimemfunika mdomo. Wageni wakageuka kumtazama, wakatikisa vichwa, wakacheka. Ananisifia chai, Bi Subiri aliwaza. Akainamisha kichwa na kusema, "Asanteni." Hapo walizidi kucheka, naye akazidi kufurahi.

Aliyeharibu starehe hiyo ni kitindamimba wao, binti aliyefanya kazi hotelini mji wa mbali. Alikuja likizo na kikopo kidogo, akamkalisha mama yake chumbani, akampachika sikioni kitu kisichozidi punje ya haragwe, akakifunika kwa mtandio.

"Baba asijue kwanza," alisema. "Ataandika."

Bi Subiri alijishika mdomo. Akamtazama binti yake kwa wasiwasi. "Una mafua?"

"Sina, Mama. Ndiyo sauti yangu."

Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya mwanamke mzima, na mama mtu alikuwa hajawahi kukutana nayo. Walilia kidogo, kisha binti akafuta macho na kumfundisha simu. "Kelele ikikusumbua, ielekezee simu hivi. Itasikiliza, halafu itakuuliza, 'Niiondoe?' Ukibonyeza ndiyo, imekwenda." Walianza na friji la jikoni, ambalo kumbe lilikuwa likikoroma miaka yote. Simu ikasikiliza, ikauliza, Bi Subiri akabonyeza, na friji likanyamaza. Akalishika ubavu, lilikuwa bado linatetemeka.

"Baba yako alisema hii haiwezekani."

"Baba hajawahi hata kukishika. Ila Mama, usimwelekezee mtu."

"Nikimwelekezea?"

"Litamfuta na yeye, dude hili. Halijui tofauti."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Binti alipoondoka, Bi Subiri alibaki na mpango wake. Jumapili, kikombe cha pili, mumewe akiisifia chai kama kawaida, yeye atamjibu, "Karibu tena, mume wangu," na nyumba nzima itashtuka. Aliurudia mstari huo akipika, akifua, akitandika kitanda. Umri ule, na bado alijiona bibi harusi.

Jumapili ikafika. Alisikia vijiko, alisikia shemeji akinywa kwa mvuto, alimsikia mfamasia akimsengenya mteja wake. Yote yalikuwa matamu. Kikombe cha kwanza kikaisha. Mzee akajaziwa cha pili, akakiinua kumwelekea mkewe, akatabasamu lile tabasamu.

"Hii ya kwangu, jamani," alisema nyuma ya kikombe, "ni modeli ya zamani. Spika imekufa, kioo kimejaa mikunjo, ila kwa kula chaji, haijambo."

"Na betri?" mfamasia aliuliza.

"Inapata moto jikoni tu."

Shemeji alipaliwa na chai. "Tulieni, tulieni," alisema akijipiga kifua. "Sasa hivi itasema asante."

Wakangoja, nyuso tatu za upole zikimtazama. Na Bi Subiri, kwa sababu ya mazoea, na kwa sababu aibu ilimwahi kabla ya hasira, alisema, "Asanteni."

Aliingia jikoni akashika karo la vyombo kwa mikono miwili. Jumapili zote alizowahi kuzifurahia zilimrudia, moja baada ya nyingine, na katika kila moja alijiona ameinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke. Kisha akaosha vikombe, maana vikombe havijui msiba.

Alijipa shauri moja: atasikiliza, na siku atakapomsikia mumewe akisema juu yake neno moja zuri, moja tu, atamsamehe yote na kuutoa mtandio. Kwa mwanamke aliyezeeka na mtu, hilo si dai kubwa. Akawa anakaa na wageni Jumapili baada ya Jumapili, punje sikioni, analitega neno hilo. Alisikia habari za mwendo wake, habari za kukoroma kwake, habari za supu yake. Mfamasia, aliyemwita "mama yangu" kila akija dukani, ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Na kilichomuuma zaidi si matusi. Jumapili moja mzee alisema, "Nikimwita Jumatatu anaitika Alhamisi, tena anamwitikia jirani," na utani ulikuwa mzuri kweli. Kicheko cha zamani, kile cha kwenye ubao wa simu, kilimpanda mpaka kooni. Alikimeza, na hajawahi kumeza kitu kichungu kama kile.

Jumapili ya mwisho walizungumzia simu. Kampuni moja ilikuwa imewataka wateja wazirudishe zote dukani, zinashika moto mifukoni. Mfamasia alikuwa nayo mfukoni, akawa anakaa upande upande.

"Una bahati una pa kuirudisha," mzee alisema. Akainua kikombe kumwelekea mkewe. "Mimi hii ningeirudisha zamani. Tatizo, duka lake lilifungwa mwaka jana."

Walicheka. Wakageuka, wakangoja asante yao.

"Duka halikufungwa," alisema Bi Subiri. Hakupaza sauti, aliongea ile sauti tulivu ya ubao wa simu. "Mwenye duka alikufa. Alikuwa mama yangu. Wewe, mume wangu, ulibeba jeneza upande wa kichwa. Wewe, shemeji, upande wa miguu. Na wewe, mwanangu mfamasia, ndiye uliyemletea dawa zake za mwisho."

Kijiko kilianguka, na wote wakaona kwamba amekisikia. Mfamasia alikumbuka mgonjwa. Shemeji alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Shemeji, unajua sisi ni utani tu..."

"Nenda salama, shemeji. Funga geti taratibu, linalia."

Mzee alibaki kwenye kiti chake. Kwa muda alikuwa mtu mwenye aibu, na Bi Subiri aliiona aibu hiyo ikamtia matumaini. Lakini aibu ya mcheshi haidumu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kitindamimba alipokuja."

Mzee alihesabu kimoyomoyo, midomo ikimcheza. "Kwa hiyo ile ya spika uliisikia?"

"Niliisikia."

"Na ile ya Alhamisi?" Akasogea mbele ya kiti. "Ile uliipenda. Sema kweli. Naujua uso wako, nilikuona umekaza mashavu!"

Bi Subiri alimtazama mtu ambaye yeye alimzalia watoto. Alikuwa anaulizwa, baada ya yote, kama onyesho lilimpendeza.

"Hebu fikiria," mzee aliendelea, ameshaanza kutembea huku na huku, "Huniuzii amedanganywa nyumbani kwake, na kitu alichokikataa yeye mwenyewe! Hii watu wataisoma mara mbili. Nitaanza na kikombe. Hapana, nitaanza na jeneza."

Bi Subiri alivuta simu yake mezani akaielekeza kwake. Mzee aliiona, akadhani anarekodi. Akanyoosha kola, akaishusha sauti mpaka ile ya redioni.

"Ndiyo, rekodi, nisije nikasahau. Wapenzi wasomaji, wiki hii aliyeuziwa ni mimi..."

Simu ilisikiliza. Maandishi yakatokea: Kelele imetambuliwa. Niiondoe?

Bi Subiri hakukurupuka. Alikuwa mtu wa haki, na kazi yake tangu ujana ilikuwa kuwasubirisha watu, si kuwakatia. Kidole kikiwa juu ya kioo, alimwachia mumewe nafasi ya sentensi moja zaidi.

"...na swali langu kwa watengenezaji ni hili," mzee alisema. "Modeli ya zamani ikirudi kusikia, je, inarudi pia na kitufe cha kunyamaza?"

Akabonyeza ndiyo.

Kilichobaki cha sauti ile kilikuwa kama upepo chini ya mlango, kisha hata huo ukakata. Saa ya ukutani ikasikika. Bomba la jikoni likadondosha tone. Nje, jirani alikuwa anafagia uwanja, na kila mfagio ulisikika hadi mwisho wake. Mzee aliendelea kutembea akirusha mikono, mdomo wazi, na Bi Subiri akagundua kwamba bila sauti alikuwa mtu mdogo tu mwenye kola iliyochakaa.

Kisha mzee akamtazama usoni, akasimama. Sijui aliona nini. Mikono ilishuka. Akaja taratibu, akaketi kwenye kigoda miguuni pake, akamshika mkono, na akaanza kusema upya. Safari hii hakukuwa na kikombe mdomoni wala mzaha machoni. Alisema kwa muda mrefu. Midomo ilimtetemeka, machozi yakamshuka kwenye mifereji ya mashavu, na aliyoyasema yalikuwa ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, hayakuwa ya gazeti. Huenda neno lile moja lilikuwemo humo. Huenda yalikuwemo kumi.

Simu ilikuwa mapajani pake. Kuirudisha sauti ile kulitaka mbonyezo mmoja tu.

Bi Subiri alimwacha amalize. Kisha akatabasamu lile tabasamu la Jumapili, akainamisha kichwa.

"Asante," alisema.