Nafasi Yangu Kwenye Kamba

Gari lilikuwa linanguruma vizuri kabisa, ila halikuwa na kitu cha kuvuta. Tumesimama nalo uani kwetu Kigombe, Haji kwenye usukani, mnyororo mpya nyuma, na pale ilipokuwa mashua ya baba pamebaki takataka za randa na mfereji mchangani. Wanawake wamejaa barazani. Hakuna aliyepiga kelele kunipokea.

Mwaka huo, hamsini na nane, nilikuwa nimemaliza shule, nipo nipo tu, miguu inaniwasha. Baba yangu, fundi Mwinyijuma, kifua kilikuwa kimemmaliza, hafiki tena pwani. Basi mashua yake ya mwisho akaiundia hapo hapo mlangoni: anachonga, anakohoa, anachonga. Ikabaki kuishusha majini. Zamani kijiji kizima kilivuta kamba, na mtoto wa fundi hushika mwanzo, jirani kabisa na chombo. Lakini vijana walikuwa wamekwisha, wamekwenda bandarini.

"Nenda Tanga kwa Haji ukakodi pikapu," baba aliniambia Alhamisi. "Lolote linalotembea. Nataka kuiona inaelea, mwanangu. Usinichelewe."

"Kesho tu, baba."

Haji, fundi gari wa Makorora, alikuwa nazo mbili.

"Hili la petroli chukua sasa hivi," akasema. "Kwenye mchanga litakoroma, ila litafika."

"Na lile?"

"Aa, lile dizeli! Linavuta nyumba na wenyewe ndani. Lakini pampu yake hiyo hapo mezani. Mpaka Jumatatu."

Nikalitazama la petroli, mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Nikajiona nimekwama, Kigombe nzima imenizunguka: ehe, msomi, shuka usukume! Nikasema nitangoja la dizeli.

"Mzee si mgonjwa?"

"Siku tatu nne ni nini, Haji?"

Siku hizo nilizimaliza Raskazone, naogelea.

Yaliyobaki nilisimuliwa na dada yangu Asmahani, pale pale uani, gari bado linanguruma. Jumapili watu wa kambi ya mkonge walikuwa wanatoka kanisani, wakamkuta baba kakaa mlangoni, macho barabarani. Mnyapara wao, Fanueli, akamwuliza anangoja nini.

"Namngoja mwanangu Uweso na gari."

Wakatazamana. Wakavua mashati yao ya kanisani, wakayatundika uani kwenye kamba ya kuanikia, wakashika kamba ya mashua. Baba wakambeba na kitanda chake mpaka pwani. Aliiona inaelea. Magharibi haikumkuta. Jumatatu alfajiri wakatuma mtu anifuate mjini, tukapishana njiani. Wakazika bila mimi.

"Alisema neno?" nikamwuliza Asmahani.

"Fanueli alitaka kushika mwanzo, karibu na mashua. Baba akamkataza. Akamwambia, 'Hapo sogea nyuma kidogo, bwana. Pana mwenyewe.'"

"Wakaacha?"

"Wakaacha. Wamevuta mpaka majini, pako wazi. Kama hivi."

Akafungua mikono, kiasi cha mabega ya mtu mmoja.

Haji akazima injini. Lilichukua muda kunyamaza, lile dizeli.