Goti la Mkwezi

"Sogea, shemeji. Utamwangusha."

Masoud alisema hivyo mbele ya watu wote, jeneza la dada yake limeshatuliwa kando ya kaburi. Vijana walikuwa wametandaza shuka ya kijani juu, kama inavyofanywa anapozikwa mwanamke. Mimi ndiye niliyekuwa mumewe. Nikavua viatu, nikawaambia wengine wabaki juu, nikateremka peke yangu.

Goti langu la kulia lilikuwa bovu tangu zamani. Nimekwea minazi ya Moa tangu nilipoacha shule darasa la nne, na mnazi hauna huruma. Mke wangu Zeyana ndiye aliyenikokota kwa daktari Tanga. Daktari, mwanamke mpole, akanionyesha picha. Kati ya mifupa, akasema, pana gegedu, kitu cheupe kama kile unachotafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Ndani yake mna chembe hai. Kila moja imekaa peke yake, haina jirani, damu haiifikii. Inajenga ukuta unaoizunguka. Ukuta ukichakaa inaumega, inaumeza, inauvunjavunja tumboni mwake, kisha inajenga mwingine.

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Zako zinabomoa zaidi kuliko zinavyojenga, mzee wangu. Hazikomi."

Zeyana akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. "Daktari, hapo hujasema goti. Umemsema mwenyewe. Akiudhika hujifungia akajila."

Nilijua anamaanisha nini. Siku ya harusi yetu Masoud alisema dada yake anaolewa na kima, atashinda akitazama juu. Wao ni Waarabu wa Raskazone, Tanga mjini, watu wa mali. Tangu siku hiyo sikumpa mkono. Idi zikaja, zikapita. Zeyana alikwenda kwao peke yake, akarudi peke yake, akaniwekea halua mezani.

Alipozidiwa aliniomba jambo moja: "Unilaze wewe."

Basi wakanipa mwili kutoka juu. Nikaupokea kifuani, mwepesi. Maradhi yalikuwa yameshachukua sehemu yao. Lakini mwanandani umechimbwa chini kabisa, ubavuni mwa kaburi, na kumwingiza humo lazima uchutame. Goti likagoma. Nikabaki nimesimama chini ya ile shuka, mke wangu mikononi, siwezi kumshusha wala kumrudisha. Juu watu wanasoma. Jasho likanitiririka machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta.

Mtu akateremka nyuma yangu. Masoud, kanzu yake nyeupe imejaa udongo. Akanishika kiunoni.

"Niegemee."

"Sikutaki."

"Najua. Niegemee, watu wasubiri nini?"

Nikamwegemea, uzito wangu wote. Tukashuka pamoja, taratibu, nikisaga meno. Nikamlaza Zeyana kwa ubavu wa kulia, nikamwelekeza kibla, nikafungua mafundo ya sanda, nikaligusisha shavu lake na udongo. Masoud hakumgusa. Alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, na aliniachia. Mikono yake ilibaki kiunoni mwangu mpaka nilipomaliza.

Matangani tulikaa upande mmoja bila kutazamana. Hitima ilipokwisha akaingia kwenye gari lake, akarudi Tanga.

Siku hizi naswali juu ya kiti, pembeni mwa safu. Minazi anakwea mtu mwingine. Napika chakula cha wawili kwa mazoea, kinacholala nawapa kuku. Kila Ijumaa baada ya swala simu huita, nikiangalia ni Masoud, nami huiacha mpaka inyamaze yenyewe.

Ijumaa iliyopita niliipokea. Hakuna aliyetoa salamu. Nilimsikia anapumua, na nyuma yake bajaji zinapita.

"Mvua imenyesha huko?" nikamuuliza.

"Imenyesha."

"Huku bado."

Hakukata. Nami sikukata.