Sahani ya Mama Ghassan

Kwetu mlimani sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa kitu unakula, unaosha sahani, unatia chako, unarudisha. Hata mtoto anajua. Mimi nilijua pia, na ndicho kilichoniponza.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua ya kwanza imeshapita na udongo unanukia. Nilikuwa juu ya paa kwenye kijua cha asubuhi, tini za mwisho zimeanikwa mikekani, nami navunja kokwa za jozi mbichi hadi vidole vyeusi, mkate na mafuta ya zeituni vipo pembeni. Raha iliyoje! Niliposhuka nikaiona dirishani ile sahani ya ukingo wa buluu. Mama Ghassan, jirani yangu, alikuwa ameniletea komamanga ndani yake, na wiki nzima ilikuwa imepita. Jamu sikuwa nimepika. Uvivu tu, nisijitetee. Nikafungua chupa ya jamu ya tini niliyopewa na wifi yangu Nazira wa kijiji cha juu, nikaimimina yote, nikanyunyiza ufuta ionekane yangu, nikavuka ukuta.

"Umepika mwenyewe?" akauliza Mama Ghassan. Yeye ndiye bingwa wa jamu bonde zima, mwenye miaka sabini na tano na ulimi mkali.

"Mwenyewe," nikasema, wala neno halikunikwama.

Akaonja, akafumba macho. "Wewe Nuhad! Mkono huu ulikuwa umeuficha wapi?"

Nikacheka kwa madaha. Leo nikikumbuka kile kicheko natamani ardhi inimeze.

Jumapili wanawake tulikusanyika uani kwake kuchambua zeituni. Nazira naye alikuwepo. Mama Ghassan akaingia ndani, akatoka amekumbatia sufuria ya shaba ya marehemu mama yake, ndani yake ile sahani ya ukingo wa buluu imejaa zabibu.

"Sikilizeni, enyi wambea," akasema. "Tangu homa ya majira ya baridi nauona mkono wangu umeisha. Jamu yangu ya mwaka huu naila kama gundi. Juzi nikaonja ya huyu binti, nikajiambia, basi, Latife, weka mwiko chini. Chukua, mwanangu. Mimi sipiki tena."

"Nuhad kaozwa sufuria!" mmoja akapiga kelele, wengine wakapiga vigelegele.

Nikaipokea.

Njiani, nikimsindikiza, Nazira alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. "Umempa ile jamu niliyokuletea? Wifi, ile ni ya kwake mwenyewe! Alinipa chupa tatu za mwaka huu nilipoteguka mguu, mwezi uliopita tu."

"Unanitania."

"Nikutanie nini? Kala jamu yake, kaisifu, kakupa sufuria!" Akajifuta machozi. "Nyamaza tu, nani atajua?"

Nikanyamaza siku tatu. Sufuria ikakaa jikoni, kila nikiwasha moto naipa mgongo. Kila mwaka wakati huo uani kwa Mama Ghassan hutoka moshi wa jamu ya tini za mwisho, wenye harufu ya sukari na kiungo cha shamari. Mwaka huo hakuna moshi. Kutoka juu ya paa langu niliziona tini zake zikianguka chini ya mti, nyigu wakizila, na yeye amekaa kibarazani mikono imelala mapajani. Hakuwa mgonjwa. Aliamini tu kwamba mkono umemwisha, na aliyemwaminisha ni mimi.

Siku ya nne asubuhi niliosha ile sahani. Kutia kitu ndani yake nilishindwa. Nikaiweka juu ya sufuria, sikuvuka ukuta bali nikazunguka njia ya chemchemi, nikapita nayo wazi mbele ya wanawake waliokuwa wakiteka maji. Niliwaona wanavyoitazama, uso ukaniwaka.

Mama Ghassan aliangalia sahani kabla ya kuniangalia mimi. "Tupu?"

"Tupu, mama. Sina changu cha kutia." Nikamweleza yote, ya chupa, ya Nazira, ya ufuta. Katikati nikaanza kulia.

Laiti angenizaba kofi. Akaenda kabatini, akatoa kibakuli chenye jamu iliyobaki, akachota kwa kidole, akaiweka ulimini muda mrefu.

"Kwa hiyo huyu ni mimi," akasema.

"Ni wewe, mama."

"Na mkono wangu upo."

"Upo. Haujaenda popote."

Akaketi, akaivuta sufuria mapajani, akaifuta pembeni kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Kisha akatazama nje, kwenye mti.

"Tini zangu zimeoza siku tatu, Nuhad."

Hilo tu. Nikachukua kikapu mlangoni, nikaenda kuinama chini ya mti katikati ya nyigu, nikitafuta zilizo nzima. Nyuma yangu nikasikia anavunja kuni.