Udongo wa Ladysmith

Mwaka 2011 Epiphanie Ninahazwe alikuwa na kazi mbili katika fleti ya Mzee Whitcombe, mtaa wa Musgrave: kumtunza mzee, na kuvitunza visu vyake. Mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja, na macho yake yaliweza tu kutofautisha dirisha na ukuta. Visu vilikuwa mia mbili na kumi na vinne, vyote vya kukunja na kutia mfukoni, vilivyotengenezwa Uingereza zamani. Vilikuwa na masharti mengi kuliko mzee mwenyewe.

Kila Jumanne Epiphanie alivitandaza mezani, akavitia mafuta, kisha akamsomea mzee mhuri uliogongwa kwenye chuma, pale ubapa unapoingia mpinini. Mzee alimfundisha kutofautisha pembe na mfupa kwa kupapasa. Alimfundisha pia kwamba taji lenye herufi V R ni enzi ya Malkia Victoria, yaani kabla ya 1901, na lenye G R ni enzi ya mfalme George, kuanzia 1910. Epiphanie alishika upesi. Mtu aliyeishi miaka tisa kwa karatasi ya ukimbizi hujifunza kuukagua mhuri kabla hajaondoka kwenye dirisha la ofisi.

Mumewe Désiré, mlinzi bandarini, hakuona maana yake.

"Mama Lyse, visu mia mbili! Na nyama munakata na nini?"

"Na kisu cha jikoni."

"Ah. Sharp," akasema, yaani sawa, kama wasemavyo bandarini.

Kisu namba moja katika orodha ya mzee hakikuwamo katika kazi ya Jumanne. Kilikaa chumbani kwa mzee, ndani ya kisanduku chake. Kilikuwa cha babu yake, ambaye, kwa masimulizi ya ukoo, alikuwa nacho mfukoni miezi yote minne Makaburu walipowazingira Waingereza katika mji wa Ladysmith, mwaka 1899 hadi 1900. Gamba jeusi lililoganda juu ya mhuri liliitwa udongo wa Ladysmith, na vizazi vitatu havikuthubutu kuligusa. Kilichoonekana ni taji na herufi R. V ilikuwa chini ya udongo, na ukoo mzima uliiamini.

Epiphanie hakuambiwa hayo. Mwezi Juni mzee alimwambia asafishe visu vyote, kwa kuwa Jumamosi angehutubia chama cha wakusanyaji. Alianza na namba moja, kwa sababu ilikuwa namba moja. Mafuta, kijiti cha meno, dakika kumi.

"G R," alisoma.

"Hicho ni kipi?"

"Namba moja, Mzee."

Mzee aliacha kutafuna mkate wake. "Udongo uko wapi?"

"Kwenye kitambaa."

"Kilete."

Akakileta. Mzee alikinusa, akapumzika, akanusa tena.

"Tumbaku," alisema hatimaye. "Ni masizi ya kiko. Babu alikuwa akikwangulia kiko chake."

Epiphanie alikwisha kuanza kuhesabu moyoni nani anatafuta mfanyakazi. Lakini mzee alimwomba tu asome tena, na alipopata G ileile mara ya tatu, akamtuma na kisu kwa fundi wa fotokopi. Fundi huyo, Glody, Mkongomani wa duka la simu chini ya jengo, aliweka karatasi nyembamba juu ya mhuri, akaisugua kwa penseli, kisha akaukuza kwa mashine mpaka herufi moja ikajaa ukurasa.

"Mama, hii iko nini? Logo ya kanisa?"

"Ni mfalme."

Mzee aliubandika ukurasa ule puani, akaupitisha taratibu kushoto na kulia.

"Nilikuwa na miaka sita babu aliponipakata akanisimulia mizinga ya Ladysmith," alisema. "Alisimulia vizuri sana."

Jumamosi Bwana Pillay wa Chatsworth, mkusanyaji mwenzake aliyekitamani kisu kile miaka ishirini, aliwachukua kwa gari lake mpaka ukumbini. Watu kumi na wanane walikaa kusikia habari za Ladysmith. Mzee alisimama, akashika bega la Epiphanie, akasema kisu hiki hakikuwahi kuzingirwa na mtu. Kisha akakaa. Hotuba ilikuwa imepangiwa dakika arobaini.

Mwenyekiti alijaribu kuokoa hali. Labda kisu ni cha zamani, akasema, ila ubapa ulibadilishwa baadaye.

"Muulizeni yeye," mzee akasema. "Mimi sioni."

Epiphanie alikuwa na jibu. "Misumari ya mpini haijawahi kutolewa. Vichwa vyake vimelika sawa na chuma kinachovizunguka. Ubapa na mpini vimezeeka pamoja."

Mwenyekiti alitazama kwa lenzi muda mrefu, akairudisha lenzi mfukoni. Wakati wa chai watu saba walipanga foleni mbele ya Epiphanie na visu vyao. Watatu waliondoka mapema.

Jumatatu mzee alimwandikisha upya orodha nzima. Kisu cha babu kikahamia namba themanini na saba, kati ya vya mfalme George. Mzee alikigusa kidogo kabla ya kukiweka mahali pake, akasema kina springi nzuri.

Mchana Bwana Pillay alibisha hodi na kopo la biskuti lililojaa visu, akaomba Epiphanie avikague mihuri. Vile alivyovipenda sana alikuwa ameviacha nyumbani.