Siku Mto Ulipowajia Wafu

Ijja alikuwa amekwisha kuwa mtumwa, hujaji, muuza tende na mke wa askari wa Kirumi, na mwaka mmoja alisimama juani siku tatu akiwa mmoja wa watu mia sita waliomlilia mfalme ambaye hakuwahi kumwona hata kisogo. Ndivyo walivyoishi wengi katika mji wa Ouarzazate. Wageni walikuja na kamera zao, wakaligeuza jangwa kuwa nchi yoyote waliyoitaka, na wenyeji wakavaa walichopewa. Lakini kuwa zombi, hilo lilikuwa jipya kwake, na lilimfikia akiwa na miaka arobaini na tisa.

Filamu za namna hiyo hakuwa amewahi kuziangalia. Alimwuliza bintiye, Tilila, aliyekuwa akiuza dawa famasia na akizipenda mno. Tilila akamweleza: ugonjwa unazuka, watu wanakufa, kisha wanaamka na njaa ya nyama ya watu. Anayeng'atwa naye anageuka. Si misukule ya kufugwa na mchawi. Hawa hawana bwana, wanatembea tu. Na hadithi yenyewe, alisema Tilila, si ya wafu. Ni ya wale wachache waliosalia, namna wanavyokimbia, wanavyojifungia, wanavyogombea kopo la mwisho la maharagwe.

"Na ndugu zao waliogeuka wanawafanyaje?" Ijja aliuliza.

"Wanawapasua vichwa, mama."

"Hata mama zao?"

"Hasa mama zao. Hapo ndipo watu wanapolia."

Ijja alisema hao waliosalia hawakulelewa vizuri, akaenda zake kukanda unga.

Aliyemfundisha kutembea kama maiti alikuwa mzee Hammu, mtu wa miaka sitini na sita, zamani dereva wa lori la chumvi. Mjini pale hakuna aliyekufa vizuri kumshinda. Alikwisha kufa kwa mishale, kwa panga, kwa kiu, kwa kuanguka farasini na kwa kukanyagwa na ngamia, na kila kifo alikikumbuka pamoja na jina la aliyempiga picha. Goti lake la kushoto halikukunjika vizuri, na kwa kazi hii mpya akalihesabu kuwa ni neema. Siku ya mazoezi alimtazama Ijja akipita uani, akatikisa kichwa.

"Unatembea kama mlevi," akamwambia. "Mlevi anajua anakokwenda, ni miguu tu inayomkatalia. Wewe hujui lolote. Umebakiwa na njaa basi."

"Ami Hammu, mimi nina njaa kweli. Tumeamshwa saa kumi."

"Basi itumie hiyo hiyo."

Filamu ilikuwa ya Wahispania, na mwongozaji wake aliitwa Arrieta, mtu mpole wa sauti ndogo aliyepaza sauti kwa kipaza tu. Mwezi wa Oktoba waliwapeleka kwenye korongo lililo chini ya kijiji cha Ait Ugrur, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Katikati ya mto mkavu waliweka basi bovu. Madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa mbao kwa nje, na mlango umezibwa vivyo hivyo, kwa maana katika hadithi waliosalia walikuwa wamejifungia humo. Ndani walikuwamo waigizaji wanne na mpiga picha mmoja. Wafu, watu tisini wenye mashavu yaliyochanika na macho meupe ya bandia, walitakiwa kushuka kutoka ukingo wa kaskazini na kulizingira basi. Wahispania na magari yao walikaa ukingo wa kusini. Kijiji kilikuwa juu ya ukingo wa kaskazini.

Asubuhi walishuka mara saba. Adhuhuri wakala dengu na mkate, wakapumzika, wakarudishwa mahali pao. Mbingu juu yao ilikuwa buluu kama sahani iliyooshwa. Ila mbali, juu ya milima, lilikuwapo wingu jeusi ambalo halikusogea tangu asubuhi.

Ijja hakuliangalia sana wingu. Aliwaangalia wanawake wa Ait Ugrur waliokuwa wakifua sufu kwenye dimbwi la juu. Tangu asubuhi walikuwa wameitandaza juu ya mawe ichuruzike. Sasa wakaanza kuikusanya yote kwa haraka, ikidondoka maji, wakaibeba mgongoni wakipanda bila kugeuka. Ijja alizaliwa kando ya mto, na sufu amefua tangu utotoni. Hakuna mwanamke anayebeba sufu mbichi. Ni nzito kama mtu mzima aliyelala. Ukiona ameibeba, amesikia jambo.

Akatoka kwenye mstari, akamfuata Abdelghani, kijana wa mjini aliyekuwa msaidizi wa mwongozaji na msimamizi wao. Akamwambia mto unakuja, watu watolewe.

Abdelghani aliangalia juu. "Kwa mbingu hii, Lalla Ijja?"

"Mvua haikunyesha hapa. Imenyesha kule."

Abdelghani akainua redio yake hadi mdomoni, akasita, akaishusha. Akasema jua linawakimbia, ni mara moja tu, kisha wote watapanda. Akamwomba arudi mahali pake, naye mwenyewe akavuka kwenda upande wa Wahispania. Ijja akarudi, na baadaye jambo hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: kwamba alirudi.

Ishara ikatolewa, wafu wakaanza kushuka. Waliomo kwenye basi wakaanza kupiga mayowe. Ijja alikuwa amepiga hatua kumi hivi upepo ulipomjia usoni, wa baridi, wenye harufu ya udongo uliofukuliwa. Akasimama. Akageuka, akapaza sauti kwa lugha ya nyumbani kwao, maneno mawili tu, kwamba mto umefika.

Hakuna aliyeuliza. Wale watu tisini wote walikuwa watu wa mabonde, au watoto wa watu wa mabonde, na kila nyumba ilikuwa na jina la mtu mmoja aliyechukuliwa na maji katika siku ya jua kali. Wakageuka kwa pamoja, wakaacha kuchechemea, wakapanda ukingo wa kaskazini uliokuwa karibu, wakiwasukuma mbele yao wale waliokuwa wakishuka. Ng'ambo, Arrieta aliita kwa kipaza chake kwa lugha tatu. Ndani ya basi mayowe yaliendelea, mazuri, ya kupangwa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kitu na mbao ziliwaziba macho.

Ijja alipofika nusu ya ukingo alikumbuka mbao zile. Akatazama nyuma. Mzee Hammu alikuwa amekwisha kushuka tena, peke yake, anaburuta goti lake kuelekea kwenye basi.

"Ami Hammu, rudi! Huna mguu!"

"Wao hawana mlango," akajibu bila kugeuka.

Ijja akashuka. Wa tatu aliyewafuata alikuwa Abdelghani, ametoka ng'ambo mbio na mtaimbo wa mafundi mkononi, uso umempauka kuliko wa waliopakwa unga. Wakaingiza mtaimbo nyuma ya ubao, wakavuta wote watatu, ubao ukang'oka, na wa pili, na wa tatu. Ijja akapenyeza kichwa dirishani. Mwigizaji mkuu, binti mmoja aliyeitwa Nuria, alipoona uso ule uliochanika ukiingia mahali ambapo hadithi haikusema uingie, akampiga kwa kitako cha bunduki ya mbao juu ya nyusi. Damu halisi ikatiririka juu ya ile ya rangi. Ijja akamshika kifundo cha mkono.

"Toka, mwanangu," akamwambia, kwa lugha ambayo yule hakuijua. "Toka, tutazozana juu."

Labda ni sauti iliyomtuliza. Nuria akaiachia bunduki, akatoka, na wenzake watatu wakamfuata. Mpiga picha akagoma, hawezi kuiacha kamera. Hammu hakubishana naye. Alijinyoosha kupitia dirisha, akaipakata kamera kama mtoto mchanga, akaondoka nayo, na yule mtu akaruka dirishani kuifuata.

Maji yalikwisha kuwasili. Kwanza ulikuwa ulimi mwembamba wa povu na majani makavu, unaonusa njia kati ya mawe. Kabla hawajafika ukingoni yalikuwa magotini, mekundu, mazito, na nyuma yake ukasikika mngurumo wa mawe yanayogongana. Wafu wakanyoosha mikono kutoka juu, wakawavuta wageni mmoja mmoja. Hammu alikuwa wa mwisho. Akainua kamera juu ya kichwa, mtu akaipokea, na hapo hapo maji yakamzoa.

Yalimbiringisha hatua ishirini hivi, yakambana kwenye vichaka vilivyoota chini ya ukingo. Kichwa kilionekana, kikapotea, kikaonekana. Abdelghani alivua shati. Wengine wakavua matambara yao ya kaburini, wakayafunga mafundo, na Ijja akajilaza kifudifudi ukingoni huku watu wawili wakimshika miguu. Mara mbili Hammu aliikosa ile kamba ya matambara. Mara ya tatu akaishika, na watu kumi wakavuta. Basi likapita nyuma yake linaelea ubavu, polepole, kama mtu mnene anayetafuta njia sokoni.

Hammu akalazwa juu ya mawe. Mguu wa kulia, ule mzima, ulikuwa umevunjika chini ya goti. Alitema matope, akauliza kama kamera ilikuwa inapiga alipokuwa akizama. Akaambiwa hapana. Akafumba macho, akasema kwa hiyo ameteseka bure.

Kurudi ng'ambo hakukuwezekana. Wakaokota ubao mmoja, wakamlaza mzee, wakaubeba mabegani kuelekea kijijini. Ijja aliyetangulia hakufikiria sura zao hata kidogo. Alifikiria mguu tu. Aliposikia milango ikifungwa kwa makomeo, mmoja baada ya mwingine, na mbwa wote wa Ait Ugrur wakilia kwa pamoja, ndipo alipogeuka akawaona walio nyuma yake: watu tisini wenye vidonda shingoni na mifupa ikichungulia mashavuni, wamelowa matope, wamebeba mwenzao juu ya ubao. Jiwe likaanguka mbele ya miguu yake. Juu ya dari ya nyumba ya kwanza alisimama ajuza mwenye mawe upindoni mwa shuka.

"Amani iwe juu yako, bibi," Ijja akasema.

"Amani gani kwa sura hiyo? Wewe ni nani?"

"Ijja, binti wa Moha mwenye kinu, wa Tagunt."

"Moha mwenye kinu alikufa."

"Amekufa, Mungu amrehemu. Mimi sijafa, ni rangi tu."

Ajuza akafikiri. "Mama yako ni binti wa nani?"

"Wa Fadhma wa Ait Baha, aliyekuwa na jicho moja."

"Jicho lipi?"

"La kulia. La kushoto lilichukuliwa na jogoo."

Ajuza akaachia upindo, mawe yakamwagika. "Fadhma tulichuma naye zaituni," akasema, na komeo likasikika likivutwa.

Jina lake lilikuwa Yamna, na bahati yao ilikuwa kwamba ndiye aliyewaunga mifupa watu wa pale na mbuzi wao pia. Akauvuta mguu wa Hammu, akaufunga kwa vijiti vya mtini. Milango mingine ikafunguliwa. Walipewa uji wa shayiri, chai, mikate, mablanketi. Nuria alikaa karibu na Ijja, akimfuta damu ya nyusi kwa kitambaa, analia kidogo, anarudia neno la kuomba radhi mpaka Ijja akalijua. Yamna akataka kuelezwa kisa cha filamu hiyo. Ijja akamweleza kama alivyoelezwa na Tilila.

"Kwa hiyo hao waliosalia wanawakimbia watu wote," Yamna akasema. "Wakishawakimbia wote, wanazikwa na nani?"

Ijja alisema hajui, hajafika huko.

Jioni magari ya uokoaji yalizunguka kwa daraja la juu, yakawachukua. Hakufa mtu. Abdelghani alipanda wa mwisho. Kabla ya kupanda alisimama mbele ya Ijja, akasema kwamba alisikia na hakutaka kusikia. Ijja akamwambia hata yeye alirudi mstarini.

Kazi ilisimama wiki tatu, kisha ikaendelea ndani ya ukumbi mjini. Arrieta alikuja nyumbani kwa Ijja na mkalimani na bonge la sukari la umbo la koni, zawadi ya mgeni. Alimtaka awe miongoni mwa waliosalia, na alikuwa ameandika tukio jipya: Ijja anamfungia mlango usoni mwenzake aliyeng'atwa. Mwenzake huyo ni Hammu, na mguu wake wenye plasta ya hospitali utafaa sana.

Walipofika kwenye tukio lenyewe, Ijja hakuweza. Hammu alijikokota mpaka mlangoni, akanyoosha mkono, na kila mara Ijja aliushika. Mara tano, sita. Arrieta hakukasirika. Aliyekasirika ni Hammu.

"Ijja, funga mlango huo," akamwambia kwa sauti ya chini. "Mguu unaniuma, na bado sijafa."

"Mkono wako unatetemeka kweli, ami."

"Ndiyo kazi yenyewe. Juzi ulinivuta, shukrani. Leo nifungie."

Mara ya tisa akaufunga. Akaegemeza mgongo wake pale, akasikia kucha za Hammu zikikwaruza ubao upande wa pili, akalia kilio ambacho hakuna aliyemfundisha. Arrieta alipotoa ishara ya kukata, Ijja alikuwa wa kwanza kufungua. Hammu alikuwa amelala chali, anatabasamu, anamwuliza mpiga picha kama ameipata.

Filamu ilipoonyeshwa Ouarzazate, Tilila alimpeleka mama yake. Ijja alijitazama akifunga mlango, akasikia watu ukumbini wakivuta makamasi. Tangu siku hiyo, akipita sokoni, wauza mboga walimwita "Lalla Mlango", yaani Bi Mlango, wakajifanya kuficha vikapu vyao asije akawafungia nje. Aliwajibu kwamba wao hata hangewafungulia kwanza. Mwenye kuanzisha utani huo, kila mtu alijua, alikuwa Hammu, ambaye sasa alitembea kwa fimbo na kukieleza kifo chake cha mlangoni kwa kila aliyeketi naye mkahawani, mwanzo hadi mwisho, pamoja na jina la aliyempiga picha.