Mama Mkwe Jikoni

Mwalimu Nalwadda alijua hesabu za sehemu, hesabu za riba, hata zile za mabomba mawili yanayojaza tangi moja, ambazo sijui zilimsaidia nani. Kitu ambacho hakujua ni kufunga matoke, zile ndizi zinazofungwa ndani ya majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke. Na kwa bibi harusi wa Kiganda, heri usijue kusoma.

Kosa halikuwa lake lote. Alikulia shule za bweni za watawa, akila ugali na maharage, tangu bado anajikojolea hadi akatoka na cheti cha ualimu. Likizo zikifika mama yake alimwacha alale, eti mtoto kachoka na vitabu. Senga wake, yule shangazi aliyepewa kazi ya kumfunda kabla ya harusi, alimfundisha mambo mengi ambayo sitayasimulia hapa, lakini suala la ndizi alilipita. Alidhani binti yeyote hutoka tumboni mwa mamaye akiwa analijua.

Basi akaolewa na Kigozi, fundi wa makochi pale Lukaya, na siku ya kwanza kuingia jikoni akatia aibu. Majani ya mgomba aliyalaza vibaya, moja likachanika chini, maji ya sufuria yakapanda, na alipofungua lile furushi akakuta kitu cha kijivu kinachotiririka. Akakipakua hivyo hivyo, akamimina mchuzi wa karanga juu kuficha uso wake, akaketi mkekani kumtazama mumewe mdomoni. Kigozi akatia tonge. Akatafuna, ingawa hapakuwa na cha kutafuna. Akameza.

"Tamu," akasema, akaongeza.

Ikawa ndiyo kawaida yao. Kila siku uji wa ndizi, kila siku "tamu." Nalwadda alikuwa na ulimi wake mwenyewe, tena mzima, na chakula kile alikionja. Akajiambia kwamba ama mume huyu anampenda kupita kiasi, ama ulimi wake ni wa mbao kama makochi yake. Aliomba iwe la kwanza. Kuuliza hakuthubutu.

Maana alikuwa ameanza kunogewa na ndoa. Kigozi alirudi jioni akinukia gundi na vumbi la msumeno, akaanza kuiga wateja wake: yule mama anayetaka kochi la kukalia wageni lakini wasikae sana, yule mzee anayekuja kila juma kulipima kochi asilonuia kulinunua. Nalwadda alicheka mpaka akashika mbavu. Kulala nako kulikuwa na raha yake. Maisha yake yote alilala peke yake kwenye vitanda vya chuma, blanketi moja, miguu baridi. Sasa aliichomeka miguu ile katikati ya mapaja ya mumewe. Kigozi alipiga yowe la mtu aliyeumwa na siafu, ila hakuiondoa hata siku moja.

Hapo ndipo Shangazi Nabbosa, dada wa marehemu baba yake Kigozi, alipopiga simu.

"Jumapili nakuja kula," alisema. "Nataka kuonja mkono wa bibi harusi."

Kigozi aliiweka simu chini taratibu na uso ukambadilika. Nalwadda naye alijua sababu, kwani ukoo mzima ulijua. Mwaka uliopita Shangazi Nabbosa alikwenda kula kwa mpwa wake mwingine, akaonja, akanawa mikono, akamchukua bibi harusi mkono kwa mkono hadi kwa senga wake. "Huyu hajaiva," alisema huko, "mrudisheni jikoni." Bibi harusi alikaa huko mpaka kahawa ilipovunwa na kuanikwa. Mumewe alikonda akawa anadoea kwa majirani.

Nalwadda alifikiria miguu yake kwenye kitanda cha senga hadi mavuno ya kahawa. Akaingia shambani, akajificha nyuma ya migomba, akampigia mama yake simu.

"Mama, njoo unifungie ndizi."

"Nije wapi?" Mama yake alishtuka. "Nyumbani kwa mkwe wangu? Wewe mtoto una wazimu?"

"Hatakuwepo. Ataenda misa, halafu ana kikao cha kwaya. Unaingia jikoni, unafunga, unaondoka. Hata kivuli chako hatakiona."

"Na akikiona? Umemsahau mjomba wako Mukiibi?"

Nani angemsahau? Kwa Waganda mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani wala hawagusani, na avunjaye mwiko huo hupatwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mjomba Mukiibi aligusana bega na mama mkwe wake sokoni, kwenye msongamano tu, wala hawakukusudia. Tangu siku hiyo alikunywa chai kwa kushika kikombe kwa mikono miwili, na bado nusu ilimwagikia kanzu. Wenye kusoma walisema ni ugonjwa wa uzee. Nalwadda mwenyewe alikuwa amesoma, lakini usingempata akibishana juu ya mkono wa Mjomba Mukiibi.

"Mama," alisema, "watanirudisha."

Upande wa pili mama akaguna. "Weka maji motoni mapema."

Jumapili mama alitokea migombani, gomesi, lile vazi lake refu la Kiganda, ameipandisha hadi magotini, akiangalia nyuma mara kwa mara kama mwizi wa kuku. Akaingia jikoni, kibanda cha udongo chenye mlango mmoja tu, nao unatazamana na baraza. Akashika kisu. Maganda yakaanza kuruka.

"Angalia, wewe. Jani unalipitisha kwenye moto kwanza, lilegee. Usilipige pasi! Lilegee tu. Mishipa yake iangalie chini. Hivi nilikuzaa au nilikuokota?"

"Mama, harakisha."

"Ndizi haiharakishwi. Ndiyo maana za kwako hutoka..."

Hakumaliza. Bodaboda ilikuwa inapanda kilima, na juu yake, nyuma ya dereva, walibanana watu wawili: Shangazi Nabbosa ndani ya gomesi ya rangi ya chungwa, na Kigozi akimshikilia asianguke. Kikao cha kwaya kilikuwa kimevunjika. Mpiga kinanda alikuwa amefiwa, na waimbaji bila yeye wakatawanyika.

"Nimekufa," alisema mama. Akajikunyata kwenye kona nyuma ya lundo la majani, akajivutia jani moja pana kichwani.

Nalwadda alitoka mbio, akapiga magoti uani, akaanza kuwasalimu. Aliuliza hali ya shangazi, ya watoto wake, ya mbuzi wake, ya goti lake lenye maumivu. Angekuwa na nafasi angeuliza na hali ya bodaboda.

"Tumeshasalimiana vya kutosha," alisema shangazi. "Sisikii harufu ya chakula."

"Ngoja nikusaidie kuingiza kuni," Kigozi alimwambia mkewe, akaanza kuelekea jikoni.

"Usiende!"

Yowe lile liliwainua kuku wote. Nalwadda alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono amepanua huku na huku. Kigozi alibaki amesimama mguu mmoja mbele.

"Nenda ukakae," Nalwadda alisema, akijaribu kutabasamu. "Umetoka kanisani. Utachafua koti."

Shangazi Nabbosa alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mwanamke anayemfukuza mume anayetaka kumbebea kuni ana lake jambo. Nipishe."

Kumzuia mumewe aliweza. Kumzuia shangazi wa mumewe, binti wa Kiganda yupi angeweza? Alipisha.

Shangazi akainama, akaingia. Kutoka ndani zikasikika sauti mbili za chini zikisalimiana. Hazikuacha kitu: mmelalaje, mko salama, watu wa huko, eee, mmm, na nyinyi, mmm, eee. Hata mtu akifumaniwa chini ya jani la mgomba, salamu lazima zifike mwisho. Nalwadda alifumba macho. Alijiona tayari amebeba sanduku lake.

"Kigozi!" shangazi alipaza sauti. "Geuka ukutani, ufunike kichwa! Mama mkwe wako anatoka!"

Kigozi hakuuliza. Aligeuka, akabandika paji la uso kwenye ukuta wa baraza, akavuta koti lake la kanisani juu ya kichwa na kulishikilia kwa mikono yote miwili. Mama akatoka ameinama, kanga usoni, akakata uani kwa mbio ambazo bintiye hakuwahi kuziona, akapotelea migombani. Hata majani yakaacha kutikisika.

Nalwadda alifungua kinywa amwambie mumewe afunue kichwa. Shangazi Nabbosa akamwekea kidole mdomoni. Macho ya shangazi yalikuwa yanang'aa kwa uchokozi.

"Kigozi," alisema kwa sauti ya mahakamani, "mama mkwe wako amesimama hapa. Usigeuke."

"Sigeuki!" sauti ilitoka ndani ya koti.

"Amekuja kwa sababu binti yake hajui kufunga matoke. Anataka kuondoka naye leo hii, akafundwe upya. Wewe unasemaje?"

"Mama..." Kigozi alikohoa. "Mama, asante kwa kuja. Karibu. Yaani, usikaribie, lakini karibu. Naomba usimchukue."

"Anauliza, chakula cha mwanawe kikoje?"

"Kitamu."

"Kigozi!"

"Shangazi, mbele ya mama mkwe nitasemaje?"

"Utasema ukweli, au nimwambie aje akushike bega."

Koti lilitetemeka. "Ni kama udongo wa kukandika nyumba," Kigozi alisema haraka. "Ule uliozidi maji."

Nalwadda alishika kiuno. Majuma yote yale! Tamu, tamu, na kuongeza juu! Alitaka kumpiga kwa mwiko. Alitaka pia kucheka, na akauma kanga ili asisikike.

"Na ulikuwa unaula wa nini?" aliuliza shangazi.

"Mngemwona mngeuliza? Anakaa mkekani, hali kwanza. Ananitazama mdomo. Vidole vyake vimeungua, na kisu kimemkata huku na huku, na anangoja." Kigozi alivuta koti lifunike na shingo. "Nimeishi chumba cha karakana miaka mingi, mama, chai na mkate, chai na mkate. Hakuna mtu aliyekuwa anangoja nimeze. Mkimchukua leo, nitarudi kwenye mkate wangu, na sitaki. Kama ni udongo, niachieni udongo wangu."

Nalwadda alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na hasira yote ilikuwa imemtoka.

"Tena kosa si lake," Kigozi aliendelea, kwani mtu aliyeanza kuungama huwa hajui breki iko wapi. "Ni langu mimi."

"Lako vipi?"

"Ningeweza kumwonyesha tangu siku ya kwanza." Sauti ilishuka. "Mimi najua kufunga."

"Unajua kufunga nini?"

"Ndizi. Nyanya yangu mzaa mama alinilea kule Kooki, mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, na nyumbani hapakuwa na msichana. Kila siku mimi ndiye niliyemenya, nikafunga, nikazikamua ndani ya jani zilainike. Zangu hata majirani walikuwa wanatuma watoto kuomba. Lakini mwanamume mzima, fundi, nimwambie mke wangu nipishe nikuonyeshe jiko? Niliona haya. Nilisema atanidharau. Nikaona heri nimeze."

Shangazi Nabbosa alikaa chini kwenye ngazi ya baraza. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha tumbo, kisha gomesi nzima ya rangi ya chungwa. Alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtiririka, akawa anajipiga paja.

"Mama mkwe anasemaje?" Kigozi aliuliza kwa wasiwasi. "Amekasirika?"

Nalwadda alipanda barazani. Alisimama nyuma ya mumewe, karibu kabisa, akaitazama ile mikono iliyong'ang'ania kola. Ilikuwa mikono mipana yenye makovu ya msumeno, na akili yake ya hesabu ikakataa kuiona ikikunja jani. Akaishika.

Kigozi aliruka. "Nani? Nani amenigusa? Shangazi!"

"Ni mimi, bwana."

"Mama yupo wapi?"

"Mama aliondoka kabla hujasema karibu."

Kigozi alishusha koti pole pole, jicho moja kwanza. Alimwona shangazi yake ameegemea nguzo anajipepea kwa kiganja, hoi. Alimwona mkewe. Akaelewa kila alichokisema, kilisikiwa na nani, na uso wake mweusi ukapata rangi ambayo haina jina.

"Nalwadda, ule udongo..."

"Nimesikia."

"Nilimaanisha..."

"Nimesikia vyote," alisema Nalwadda. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, maji yalikuwa yanachemka, na ndizi zilizomenywa nusu zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi ndani ya karai. Shangazi hakuwa na dalili ya kumchukua mtu yeyote kwenda popote. Alikuwa anauliza tu, kati ya kicheko kimoja na kingine, kama atakula leo au kesho.

Nalwadda alimvua mumewe koti, akalikunja vizuri, akamkabidhi shangazi alishike.

"Kanawe mikono," alimwambia Kigozi, akatangulia jikoni.